Trasti za Uwekezaji: Hisa Moja, Bei Mbili

Suala la pesa zikae wapi halikosi siku hizi katika mabaraza yetu, iwe Maskati, Dubai au Leicester. Zamani jawabu lilikuwa jepesi: kiwanja Unguja, nyumba Mombasa, dhahabu kabatini, na kilichobaki kiende benki. Leo wanetu waliosoma na kufanya kazi Uingereza wanatuletea jina jengine: trasti ya uwekezaji wa hisa. Mmoja anamwambia baba yake kuwa ni kitu salama, kwani kipo tangu zama za Malkia Victoria. Mwengine anamwambia mama yake kuwa kinauzwa chini ya thamani yake, basi tununue upesi kabla watu hawajazinduka. Maneno yote mawili yaweza kuwa kweli, na yote mawili yaweza kumtia mtu hasarani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, si dalali wa hisa, na simuuzii mtu kitu. Lakini hesabu za jambo hili hazizidi zile tulizofundishwa na mapadri kule sekondari: asilimia, kujumlisha na kutoa. Ndiyo maana sioni sababu ya mzee mwenye akili zake kutia saini karatasi asiyoifahamu, ati kwa kuwa mtoto wake amesoma. Msimamo wangu ni huu: trasti ya uwekezaji ni chombo cha heshima na kinaeleweka, lakini asikinunue mtu kabla ya kuzijua bei zake mbili, deni lake, na jina litakaloandikwa kuwa ndiye mwenye hisa.

Tuanze na hilo jina. Neno trasti linatuchanganya sisi watu wa pwani, maana tumelizoea kwa maana ya amana au wakfu, mali inayoshikwa na wadhamini kwa ajili ya wengine. Trasti ya uwekezaji ya Waingereza ni kampuni ya hisa kama kampuni nyengine. Ina bodi ya wakurugenzi, ina mkaguzi wa hesabu, ina mkutano wa mwaka, na hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la London. Tofauti ni kazi yake. Haitengenezi saruji wala haiuzi simu. Kazi yake ni kununua na kushika hisa za makampuni mengine, mara makumi, mara mamia. Ukinunua hisa yake moja, umepata kijisehemu cha kila kilichomo ndani.

Wazee wetu wangelifahamu jambo hili mara moja. Fikiria jahazi lililonunuliwa kwa mchango wa watu ishirini. Nahodha anaendesha, faida inagawiwa kwa kadiri ya fungu la kila mmoja. Sasa mmoja wao ana haja ya pesa na jahazi liko baharini. Hawezi kung'oa ubao wake akaondoka nao. Anachoweza ni kumtafuta mtu mwengine amuuzie fungu lake. Jahazi linaendelea na safari, mtaji wake haukupungua, aliyebadilika ni mwenye fungu tu. Hiyo ndiyo trasti ya uwekezaji. Mlango wa mtaji umefungwa, na anayetaka kutoka anamuuzia anayetaka kuingia.

Chombo hiki si cha jana. Mwaka 1868 hapo London ilianzishwa Foreign & Colonial, kwa juhudi za mwanasheria Philip Rose. Nia ilikuwa mtu wa kipato cha kawaida apate ile kinga aliyokuwa nayo tajiri, yaani kuitawanya mali yake sehemu nyingi badala ya kuitia yote pahala pamoja. Ilianza kwa kununua hati za mikopo za serikali za nje na za makoloni, na karne ya 20 ikageukia hisa za makampuni. Ipo mpaka leo. Mwaka 1888 kule Dundee, Scotland, ikaanza Alliance Trust, ambayo mwaka 2024 iliungana na Witan. Mwaka 1909 mjini Edinburgh ikaanza ile inayoitwa Scottish Mortgage, ambayo kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwakopesha wakulima wa mpira Malaya na leo inajulikana kwa hisa za makampuni ya teknolojia. Umri huu unaonesha kuwa mfumo wenyewe umestahimili vita na misukosuko. Haudhamini kwamba utakachonunua leo kitakuwa na faida kesho.

Sasa tuje kwenye bei mbili, na hapa naomba tutulie.

Chukua trasti ya mfano. Ndani yake mna hisa za makampuni zenye thamani ya pauni milioni 120. Imekopa benki pauni milioni 20. Toa deni, inabaki pauni milioni 100 za wenye hisa. Kama hisa zake ni milioni 50, basi kila hisa ina pauni 2 za mali nyuma yake. Hii ndiyo bei ya kwanza, tuiite thamani halisi. Trasti nyingi za hisa huitangaza kila siku ya kazi.

Bei ya pili ni ile anayokubali kulipa mnunuzi sokoni siku hiyo. Ikiwa watu wengi wanataka kuuza na wachache wanataka kununua, hisa yenye mali ya pauni 2 itauzwa pauni 1 na senti 80. Hapo tunasema ina punguzo la asilimia 10. Wakiipenda mno, itauzwa pauni 2 na senti 10, na hiyo tunaiita nyongeza ya asilimia 5.

Wanetu wakiona punguzo wanashangilia, kwani nani hapendi kununua pauni 2 kwa pauni 1.80? Lakini punguzo halina ahadi ya kuondoka. Tuseme umenunua kwa 1.80, na mwaka mzima mali ya ndani haikupanda wala haikushuka, bado ni pauni 2. Sokoni lakini watu wameichoka trasti ile na punguzo limefika asilimia 20. Hisa yako sasa ni pauni 1.60. Umepoteza senti 20, yaani kama asilimia 11 ya pesa zako, na kule ndani hapana kampuni hata moja iliyofanya vibaya. Riba zilipopanda mwaka 2022, wenye hisa wengi waliliona jambo hili kwa macho yao. Wenzetu wa Nairobi wanalijua pia kupitia Centum, kampuni ya uwekezaji iliyoanzishwa 1967, ambayo kwa miaka hisa yake imeuzwa chini sana ya thamani ya mali inayotangazwa kwenye hesabu zake.

Basi ukiambiwa ni rahisi, uliza: punguzo lake la kawaida ni kiasi gani kwa miaka mitano au kumi iliyopita? Likiwa siku zote ni asilimia 10, basi asilimia 10 ya leo si zawadi, ndiyo bei yake. Uliza pia bodi inafanya nini punguzo linapokuwa kubwa. Nyengine hununua hisa zao wenyewe sokoni ili kulipunguza, nyengine hukaa kimya. Na yule anayenunua kwa nyongeza ajue kuwa analipa pauni na zaidi kwa mali ya pauni moja.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusiende kwenye mifuko ya wazi, isiyo na bei mbili? Wenye ndugu Tanzania wanaijua mifuko ya UTT AMIS, ulioanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Ukitaka kutoka, mfuko wenyewe unakirudisha kipande chako kwa thamani halisi. Huo ni utaratibu mzuri, na kwa wengi unatosha. Udhaifu wake hujitokeza pale watu wote wanapokimbilia mlangoni kwa pamoja, khasa kama mali ya ndani ni ya kuuzika kwa taabu. Juni 2019 Uingereza ilishuhudia mfuko wa Neil Woodford, meneja aliyekuwa na jina kubwa, ukisimamisha malipo kwa sababu wenye vipande walitaka pesa zao na mfuko haukuwa na cha kuuza haraka. Haukufunguliwa tena, waliomo walilipwa kidogo kidogo kwa miaka. Trasti aliyokuwa akiiendesha bwana huyo huyo nayo iliporomoka vibaya, lakini soko lake halikufungwa hata siku hiyo. Aliyetaka kutoka alitoka, kwa bei chungu. Chagua basi ni uchungu upi unaouweza: mlango unaoweza kufungwa, au mlango ulio wazi daima bila ya kujua kizingiti chake ni bei gani.

Kufungwa huko kwa mtaji kuna faida kubwa kwa meneja pia. Soko likianguka na watu wakipata kiwewe, halazimiki kuuza hisa nzuri kwa bei ya kutupa ili awalipe wanaokimbia. Anaweza kusubiri. Anaweza hata kununua wakati wengine wanauza.

Jambo la pili ni deni. Trasti inaruhusiwa kukopa ili inunue hisa zaidi, na nyingi hufanya hivyo. Tuirudie ile yetu ya mfano: mali 120, deni 20, ya wenyewe 100. Soko likipanda asilimia 10, mali inakuwa 132. Toa deni 20, inabaki 112. Soko limepanda 10, wewe umepata 12. Vizuri. Sasa soko lianguke asilimia 25. Mali inakuwa 90, deni liko pale pale 20, kinachobaki ni 70. Soko limeshuka 25, wewe umeshuka 30, na hapo hatujahesabu riba ya mkopo. Deni halikuhurumii siku ya shida.

Historia imeyaandika haya kwa wino mzito. Marekani mwaka 1929 palikuwa na trasti zilizokopa na zilizonunua hisa za trasti nyengine zilizokopa. Goldman Sachs Trading Corporation iliuza hisa zake kwa dola 104. Baada ya soko kuanguka, zilifika chini ya dola 2. Na yasiseme watu kuwa ni mambo ya kale. Uingereza yenyewe, kati ya 2000 na 2002, zilianguka trasti zilizogawa hisa zao kwa matabaka, zikiwa na madeni makubwa na zikimiliki hisa za wenzao wa namna ile ile. Wengi wa waliopoteza walikuwa wazee wastaafu walioambiwa kuwa wamenunua kitu cha tahadhari. Trasti kubwa za kawaida za leo hazikopi kwa kiasi kile, lakini kiasi cha deni kimeandikwa kwenye ripoti zao, na kazi yetu ni kukisoma.

Hapa siwezi kupita bila ya kusema lile linalotugusa sisi kwa dini yetu. Mkopo huo ni wa riba. Na trasti nyingi za Uingereza zinazotafuta gawio humiliki hisa za mabenki, makampuni ya tumbaku na ya ulevi, kwa sababu hayo ndiyo yanayolipa sana. Nasikia wauzaji wakimwambia mtu, hisa ni biashara na biashara ni halali, basi yamekwisha. Hayakwisha. AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu yenye makao yake Bahrain, imeweka mipaka kwa anayenunua hisa za makampuni: biashara ya msingi iwe halali, mikopo ya riba isivuke asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato lisilofaa lisizidi asilimia 5, nalo mtu ajitakase kwa kulitoa. Trasti ya kawaida haikuundwa kwa kufuata mipaka hiyo, na meneja wake hana wajibu wa kuifuata. Mwenye kulijali hili amuulize mwanachuoni anayejua mambo ya fedha, akiwa na orodha ya mali na kiasi cha deni mkononi. Ipo pia mifuko ya hisa iliyochujwa kisharia, na mingine inauzwa katika soko hilo hilo la London. Asidanganyike mtu kuwa hana njia nyengine.

Jambo la tatu ni gawio. Kuna sifa moja ya trasti ambayo mwalimu kama mimi hupenda kuieleza kwa kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya neema. Trasti inaruhusiwa kuweka akiba hadi asilimia 15 ya pato lake la mwaka, isilitoe lote. Mwaka wa neema inatia ghalani. Mwaka wa ukame inachota. Kwa njia hii City of London Investment Trust imeongeza gawio lake kila mwaka tangu 1966, pamoja na misukosuko yote ya 2008 na ile ya korona 2020, pale makampuni mengi yalipokata gawio. Kwa mstaafu anayetegemea kipato, hilo si jambo dogo. Hata hivyo ghala lina mwisho. Uliza akiba iliyobaki inatosha kulipa gawio la miezi mingapi. Uliza pia kama gawio linatoka kwenye pato, au wanamega mtaji wenyewe na kukurudishia pesa zako kwa jina jengine. Na gawio kupanda hakuzuii bei ya hisa kushuka.

Usisahau gharama. Chukua pauni 10,000 kwa miaka 20, na tuseme mali inakua asilimia 6 kwa mwaka kabla ya gharama. Trasti inayokata nusu ya asilimia itakuachia kama pauni 29,200. Inayokata asilimia moja na nusu itakuachia kama pauni 24,100. Tofauti ni pauni 5,000, nusu ya mtaji ulioanza nao, imeliwa na asilimia moja tu. Ndiyo maana naona uchungu ninapowaona watu wetu wa Ghuba wakifungwa kwenye mipango ya akiba ya miaka 20 na 25 yenye makato juu ya makato, wakauziwa na kijana mwenye tai ambaye kamisheni yake ameshaichukua mwaka wa kwanza. Hisa ya trasti unainunua sokoni na kuiuza sokoni. Serikali ya Uingereza inachukua ushuru wa nusu asilimia unaponunua, dalali anachukua chake, na gharama za mwaka zimeandikwa wazi.

Jambo la nne ni kura. Mwenye hisa ya trasti ni mwenye kampuni, hata kama hisa zake ni hamsini. Anachagua wakurugenzi, na wakurugenzi wanaweza kumfukuza meneja anayeboronga. Desemba 2024 kampuni ya Kimarekani ya Saba Capital, iliyokuwa imenunua hisa nyingi katika trasti saba za Uingereza zilizokuwa na punguzo, iliitisha mikutano ili iziondoe bodi zao na kuweka watu wake. Wenye hisa wengi ni watu binafsi walionunua kupitia madalali wa mtandaoni, na hofu ilikuwa kwamba hawatajishughulisha kupiga kura. Walijitokeza. Mwanzoni mwa 2025 mapendekezo hayo yalikataliwa katika trasti zote saba. Mtu anaweza kubishana kama Saba ilikuwa na hoja, na kuhusu yale mapunguzo ilikuwa nayo. Funzo kwetu ni kuwa mtu mdogo ana sauti, ila ukinunua kupitia dalali kura yako haikufuati nyumbani mpaka uiombe. Uliza kabla ya kufungua akaunti: nitapigaje kura, na nitaipataje ripoti ya mwaka?

Nimeliacha mwisho lile ambalo naona ndilo litakalozivunja nyumba zetu tusipolisema mapema: jina la mwenye hisa.

Uingereza ina akaunti iitwayo ISA, ambamo mkaazi anaweza kutia hadi pauni 20,000 kwa mwaka, na faida yake haitozwi kodi. Ni ya wakaazi wa kule. Baba aliyeko Maskati hawezi kuifungua. Basi kinachofanyika ni hiki: baba anamtumia mwanawe pesa, mwana anazitia kwenye ISA yake, na wote wanaelewana kwa mdomo kuwa ni za mzee. Kwa sheria ya kule, kilichomo ndani ya ISA ni mali ya yule ambaye jina lake lipo. Mwana akiachana na mkewe, mali ile inahesabiwa pamoja na mali zake. Akifilisika, wadai wanaikuta. Mwana akitangulia mbele ya haki, inaingia kwenye mirathi yake, na mzee anabaki kusema zilikuwa zangu. Na mzee akitangulia yeye, dada zake yule kijana watauliza fungu lao la urithi katika pesa ambazo hapana karatasi inayosema zilikuwa za baba yao. Hapo sharia imefanya kosa gani? Tumeidhulumu wenyewe kwa uvivu wa kuandika.

Na anayenunua kwa jina lake akiwa Ghuba naye ajue hili. Hisa za kampuni iliyosajiliwa Uingereza huhesabiwa kuwa mali iliyoko Uingereza, hata kama mwenyewe hajawahi kulala usiku mmoja London. Akifariki, mali zake za kule zikizidi pauni 325,000, kwa jumla kinachozidi hutozwa kodi ya mirathi ya asilimia 40, mbali na misamaha kama ile ya mume na mke. Hata zikiwa chini ya hapo, warithi huenda wakahitaji kibali cha mahakama ya kule kabla dalali hajaziachia. Na huku nako mambo yanabadilika: Oman imetangaza kodi ya mapato ya watu binafsi ya asilimia 5 kwa kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Mwenye mali nyingi akae na mhasibu anayejua sheria za pande zote mbili. Ada ya mhasibu ni ndogo kuliko kesi.

Je, nawashauri watu wanunue? Nawashauri kwanza watenge. Pesa za ada ya skuli ya mwakani hazina kazi katika hisa, wala pesa za hija, wala za matibabu ya mama. Soko la hisa laweza kushuka theluthi moja na kukaa chini kwa miaka. Kinachofaa kwenda huko ni kile ambacho familia inaweza kukisahau kwa miaka mitano, kheri kumi. Na anayetia kidogo kidogo kila mwezi hupona na majuto ya kutia zote siku ya bei ya juu.

Kisha, kabla ya kutia hata riali moja, mzee na wanawe wakae pamoja na ripoti ya mwaka ya trasti yenyewe, si karatasi ya matangazo, na wayajibu haya kwa maandishi. Thamani halisi ni ngapi, bei sokoni ni ngapi, na punguzo la kawaida ni kiasi gani? Deni ni asilimia ngapi ya mali? Ndani mna makampuni gani kumi makubwa, na tuko radhi kuyamiliki mbele ya Mola wetu? Gharama za mwaka ni kiasi gani, na gawio linatoka wapi? Hisa zitaandikwa jina la nani, nani anajua zilipo, na mwenyewe akiondoka duniani nani ataziendea?

Kijana akishindwa kuyajibu hayo kwa Kiswahili chepesi mbele ya mama yake, basi naye hajaifahamu trasti ile, na pesa za mama zisubiri. Akiyajibu, watie kwa nia njema na waiandike. Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni karatasi moja, iliyotiwa saini, ambayo kila mrithi anajua imewekwa wapi.